Apu mpya yataka biriani yangu: niingie?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mombasa:

"Assalaam aleikum kaka. Mimi ni mama wa watoto wawili, napika nyumbani Tudor. Ijumaa ni biriani ya mbuzi, siku nyingine pilau, samaki wa kupaka na vitafunio. Wateja wangu ni wa WhatsApp, wanalipa kwa Till, ile namba ya malipo ya simu, na mdogo wangu ana boda ndiye anayepeleka. Wiki jana amenijia kijana na apu mpya ya chakula. Anasema miezi miwili ya kwanza hawakati kitu, baadaye asilimia 25. Mdogo wangu asema nikichelewa wenzangu watanitangulia. Mama mkubwa asema vitu vya simu huja na kupotea. Mimi nikikataa najiona mshamba, nikikubali najiona mjinga. Nimekutumia mkataba wao na hesabu zangu. Niingie? Na jambo jingine dogo: mteja mmoja amepiga picha biriani yangu akaiweka kwenye grupu la Facebook, ati ameuziwa wali na mchuzi, kila kimoja na mkebe wake. Nimjibu vipi?"

Waaleikum salaam dada.

Mkataba nimeusoma wote, kurasa 11, na hesabu zako nimezirudia mara tatu, kwa sababu jibu limo kwenye daftari lako wala si kwenye simu ya yule kijana. Nikwambie mapema usije ukasoma roho juu: biriani usiiingize. Ukitaka kuijaribu apu, ijaribu kwa vitu vingine, na kwa masharti nitakayokutajia. Ila kwanza tuongee hilo la ushamba na ujinga, maana nahisi ndilo lililokukosesha usingizi kuliko hiyo asilimia 25.

Kazi yangu ni mifumo ya malipo ya simu na hizi kampuni changa. Nimezifanyia kazi nikiwa ndani na nikiwa nje. Na bado nimeshakuwa mshamba na nimeshakuwa mjinga, kwa zamu. Mwaka 2012 nilichapisha kadi za biashara 500, na chini ya namba ya simu nikaweka PIN yangu ya BBM, ile huduma ya ujumbe ya simu za BlackBerry. Enzi hizo asiye na BlackBerry alikuwa kama mtu aliyekuja harusini na kandambili. BBM ya watu wa kawaida ilifungwa tarehe 31 Mei 2019, na kadi zilizobaki mwanangu alizimaliza kwa kuchora paka nyuma yake. Mwaka 2021 ikatufikia Clubhouse, ukumbi wa kupiga soga kwa sauti, na watu wazima na ndevu zao wakawa wanaombana mialiko. Mwanzo ilikuwa ya wenye iPhone peke yao. Sisi wa Android tulifunguliwa mlango Mei 2021. Nilikesha humo wiki tatu nikisikiliza watu wanaozungumza juu ya kuzungumza. Aprili 2023 kampuni yenyewe ilipunguza zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake.

Kwa hiyo mama mkubwa ana haki yake. Lakini sikia na upande wa pili. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, mimi nilikuwa katika waliocheka. Pesa ndani ya simu? Simu ikiibiwa je? Nilikaa karibu mwaka mzima nikimpa kondakta wa basi bahasha ampelekee mamangu, na bahasha mbili hazikufika. Ningemsikiliza mdogo wangu wa wakati ule, mama angekula vizuri zaidi mwaka huo.

Sasa tazama: BBM niliishangilia ikafa, M-Pesa niliicheka ikanizika. Moyo wangu ulikosea kote kuwili. Tangu hapo, nikiletewa kitu kipya, huwa siulizi nakionaje. Nauliza nani anakilipia. M-Pesa ilikata ada ya kutuma tangu mwanzo, na watu wakailipa na kushukuru, kwa sababu kondakta alikuwa ghali na hatari zaidi. Haikuhitaji kuwapa punguzo ili waipende. Apu nyingi za leo ni kinyume: watu huzipenda kwa sababu ya punguzo, na punguzo lina mwenyewe.

Mwenyewe ni mwekezaji. Hiyo "miezi miwili bure" uliyoahidiwa na ile "delivari bure" atakayoahidiwa mteja ni pesa za mtu aliyeweka mtaji, anayetumaini kwamba mkishazoea, wewe na mteja, mtalipa bei halisi. Si wizi, ni kamari halali, na mara nyingine hushinda. Shida ni kwamba katika kamari hiyo wewe huna hisa, ila kibanda chako kimo mezani.

Nikupe visa viwili vya hapa hapa Kenya, vya chakula.

Mwaka 2021 kampuni changa ya Nairobi iitwayo Kune ilipata mtaji wa dola milioni 1 ili ipike na kupeleka chakula cha bei nafuu. Mwanzilishi wake, Mfaransa, alisimulia kwamba alipofika Nairobi aliuliza wapi atapata chakula kizuri cha bei nzuri, akaambiwa hakuna. Basi Wakenya wa Twitter wakamshukia. Nairobi na vibanda vyake vyote, chapati ndengu, matumbo, githeri, huyu hakuona pa kula? Na dola milioni amepewa yeye aliyetua juzi? Nilicheka na kusambaza skrinshoti kama wenzangu. Juni 2022 Kune ilifunga. Lakini haikufungwa na kicheko chetu. Kwa maelezo yao, mwaka huo walikuwa wameshauza zaidi ya sahani 55,000, na wateja zaidi ya 6,000. Chakula kililiwa, wateja walikuwapo. Kilichowashinda ni kwamba dola 3 kwa sahani, karibu shilingi 350 za wakati ule, hazikutosha kuibeba biashara. Tulikuwa tunabishana juu ya Mfaransa, na kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye sahani.

Kisa cha pili ni cha mkubwa. Jumia Food ilianza ikiitwa HelloFood, ikabatizwa upya mwaka 2016, na Desemba 2023 Jumia ikatangaza kuwa inafunga biashara ya chakula katika nchi zote 7 ilikokuwa nayo, Kenya na Uganda zikiwemo, kabla mwaka haujaisha. Hii si kampuni ya uchochoroni: hisa zake zinauzwa New York tangu Aprili 2019. Maelezo yao ni kwamba biashara hiyo haikufaa kwa hali ya kazi na ya uchumi iliyokuwapo. Hebu fikiria mwenye hoteli ambaye nusu ya oda zake zilikuwa zikipitia humo, anapata habari hiyo katikati ya Desemba.

Sitaji haya kukutisha. Wako waliobaki, na wako wanaofanya kazi nzuri. Nataka tu ujue kwamba hata kampuni yenye pesa kukushinda mara elfu huona hesabu ya chakula ni ngumu. Basi tuifanye ya kwako.

Sahani ya biriani unauza 450. Umeandika: nyama 150, mchele 45, vitunguu, nyanya, mtindi, viungo na mafuta 60, gesi 20, mikebe na mfuko 20, msichana wa kusaidia 15. Jumla 310. Faida yako 140. (Jasho lako hukuliandika, dada. Unaamka saa kumi alfajiri kukaanga vitunguu na hujilipi hata senti. Hilo tuliweke kando leo, lakini sijaacha kuliona.)

Apu ikikata asilimia 25, imechukua 112.50. Sasa soma kifungu cha 6, kile chenye herufi ndogo: kamisheni hiyo "haijajumuisha VAT". VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 16 ya kamisheni, yaani shilingi 18 nyingine, na kwa kuwa hujasajiliwa kwa VAT, huna pa kuidai. Jumla wamekata 130.50. Umebaki na 319.50. Toa gharama zako 310.

Shilingi 9 na senti 50.

Sahani moja unayouza mwenyewe kwa Till ni sawa na karibu sahani 15 za kwenye apu. Ijumaa yako ya sahani 40 inakuletea 5,600. Sahani hizo hizo zikipita kwenye apu ni 380, na hapo bado hujajilipa.

Haya, nenda kifungu cha 9. Kinasema kampuni "inaweza" kuendesha promosheni na gharama mtagawana nusu kwa nusu. Hakisemi itakuuliza. Wakitoa punguzo la asilimia 20 kwenye biriani, ni shilingi 90, na 45 ni zako. Zile 9.50 zimekwisha na unadaiwa 35.50 kwa kila sahani unayopika. Ijumaa ya sahani 40 imekula 1,420 kutoka mfukoni mwako, na wakati huohuo simu inalia ting, ting, ting, na nyumba nzima inashangilia kwamba biashara imechanganya. Nimeona watu wakifilisika kwa sauti ile.

Utasema: basi nipandishe bei kwenye apu. Ili ubaki na faida yako ya 140, sahani iuzwe karibu 634. Mteja aongeze nauli ya boda juu yake. Kwa pesa hizo ataingia hotelini akae kwenye feni. Na hata angekubali, kifungu cha 12 kinakukataza: bei ya kwenye apu isizidi unayouza kwingine kokote. Hicho ndicho kifungu nisichokipenda kuliko vyote kwenye karatasi zile, kwa sababu kinakufunga mikono nje ya duka lao.

Kwa upande wa teksi serikali imeshaingilia. Kanuni za mwaka 2022 za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, zinazuia apu za usafiri kukata zaidi ya asilimia 18. Tanzania nako LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iliposhusha kikomo hadi asilimia 15 mwaka huohuo, Uber ilisimamisha huduma yake ya kawaida Dar es Salaam kwa miezi kadhaa. Kanuni za NTSA ni za abiria lakini, hazigusi biriani. Kwenye chakula mlinzi wako ni kalamu yako tu, kabla hujasaini.

Kuna jambo la siku ya malipo ambalo mdogo wako hakulifikiria. Kwa Till pesa inaingia mteja akiwa bado amesimama mlangoni. Hawa, mauzo ya Jumatatu hadi Jumapili wanalipa Alhamisi inayofuata. Biriani ya Ijumaa hii utalipwa Alhamisi ijayo, na jioni hiyo ndiyo unakwenda Marikiti kununua nyama ya kesho yake. Malipo yakichelewa siku moja, kwa "hitilafu ya mfumo" au kwa sababu benki imefungwa, umepika kwa deni au hukupika. Waombe walipe mara mbili kwa wiki. Wengine hukubali wakiombwa, ila hawakwambii kwamba inaombeka.

Na waulize juu ya Likoni. Sifanyi mzaha. Apu hizi hupima umbali kwenye ramani, na kwenye ramani kutoka Tudor hadi Likoni ni pua na mdomo. Ramani haiijui foleni ya feri saa kumi na moja jioni. Chakula kitakaa juu ya boda dakika hamsini, mteja atakikataa, na kifungu cha 8 kinasema chakula kilichokataliwa kwa sababu ya "ubora" ni hasara ya mpishi. Rojo, ule mchuzi wa biriani, ikipoa ni ubora wa nani, wako au wa feri? Hilo liandikwe: oda zako zisivuke feri, au zikivuka, chakula kikichelewa njiani wao ndio walipe.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma mimi binafsi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa upande wa yule kijana. Nilifanya kazi katika kampuni changa moja, jina niliache, nikizunguka Nairobi na fulana ya rangi kali nikiandikisha wapishi. Tulilipwa kwa idadi ya majina, si kwa kama majina hayo yaliuza kitu. (Kwa hiyo kijana wako usimkaripie. Ana kodi ya nyumba na idadi ya kufikisha kila Ijumaa, na huenda mkataba wenyewe hajausoma.) Mama mmoja aliyekuwa akipika chapati na ndengu karibu na gereji aliniuliza, huku akigeuza chapati kwa vidole: "Na nyinyi mkifunga, wateja wangu nitawapata wapi?" Nikacheka. Nikamwambia mama, sisi hatufungi, tuna wawekezaji wa ng'ambo. Akasaini.

Miezi 14 baadaye tulifunga. Grupu la WhatsApp la wapishi lilibadilishwa usiku, ikawa wasimamizi peke yao ndio wanaoweza kuandika. Malipo ya wiki tatu za mwisho hayakwenda. Na yule mama alikuwa ameacha kuuza kwa majirani wa gereji, kwa sababu oda za apu zilimjaa mikono. Mafundi walishahamia kwa mwingine. Alichokuwa nacho kwenye ule mfumo wetu ni orodha ya namba za oda. Oda namba 47, chapati nne. Oda namba 48, chapati mbili. Jina hakuna, simu hakuna. Wateja walikuwa wetu, na sisi hatukuwapo tena. Mimi niliacha kupita njia ile kwa muda mrefu.

Ndiyo maana nakwambia mali yako kubwa si ile sufuria wala hata mkono wako wa viungo, na mkono huo nausikia harufu hadi hapa. Mali yako ni yale majina 112 uliyosema yamo kwenye simu yako. Unajua nani hali pilipili, nani analipa mwisho wa mwezi, nani Ijumaa huagiza sahani tano kwa ajili ya ofisi. Hayo yaandike kwenye daftari la karatasi leo usiku, simu isije ikaanguka baharini na duka lote. Wawekee orodha ya matangazo ya WhatsApp, ile inayotuma ujumbe mmoja kwa watu hadi 256 kila mtu akiupata peke yake. Hiyo humfikia tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo kila mteja mpya mwombe aihifadhi. Grupu usiwaingize bila kuwauliza. Ni adabu, na pia Kenya ina sheria ya kulinda data za watu tangu mwaka 2019, nayo haibagui mpishi na benki.

Je, apu haina faida yoyote? Inayo, na mdogo wako hajakosea kabisa. Itakuletea watu ambao usingewafikia: mgeni aliyepanga nyumba Nyali kwa wiki moja, karani mpya wa ofisi za mjini asiyemjua mtu, kijana anayeagiza saa tatu usiku. Kwa hao, ichukulie apu kama bango la barabarani ambalo unalilipia kila mtu anaponunua. Bango si baya. Ila hakuna anayebandika bangoni bidhaa inayomwachia shilingi tisa.

Bandika sambusa. Umeandika kifurushi cha sambusa nne na chupa ya ukwaju unauza 300, gharama 130. Apu ikikata kamisheni na VAT yake unabaki na 213, faida 83. Nusu ya faida yako imekwenda, lakini iliyobaki ni pesa. Na sambusa inasafiri. Biriani nimeiona inavyoteseka: rojo humwagika kwenye kona ya kwanza, kachumbari ikifungiwa na wali wa moto hufika imelala kama mtu mwenye homa, na zile mbatata hunywa mafuta yote njiani. Sambusa hata ikichelewa nusu saa itaitwa sambusa. Kaimati nazo jaribu, shira uiweke kando.

Ndani ya kila kifurushi tia kikadi: jina lako, namba ya WhatsApp, na maneno "Biriani ya mbuzi kila Ijumaa, agiza kabla ya Alhamisi jioni". Mkataba huu haukatazi, nimeangalia. Mingine hukataza, kwa hiyo usichelewe, wanaweza kuubadilisha. Kikadi hicho ndicho kitakachokulipa. Aliyekupata kwa sambusa kupitia apu, Ijumaa atakuja mwenyewe kwa Till, na hapo zile 140 ni zako zote.

Kabla ya kusaini mwite kijana, mkalishe, mpe chai, umwambie vitu vitatu vibadilishwe kwa maandishi: kifungu cha 9, promosheni isifanyike bila wewe kukubali; cha 12, kiondolewe; na cha 14, notisi ya kutoka ipungue kutoka siku 90 hadi 30. Neno la mdomo usilikubali hata akiapa. Akisema mkataba ni mmoja kwa wote, mwambie akaulize ofisini. Kampuni inayotafuta wapishi wa kwanza katika mji mpya huwa na nafasi ya kulegeza. Ikishapata wapishi mia mbili haitakusikiliza tena, na hapo ndipo neno la mdogo wako juu ya kuwahi lina ukweli. Wakikataa kifungu cha 9, achana nao, nenda ukaandae vitunguu. Karatasi nyingine wanazotaka, kibali cha kaunti na cheti cha afya, ni vizuri uwe nazo hata bila wao.

Ukiingia, weka ukurasa mmoja kwenye daftari kwa ile miezi miwili ya bure, na usihesabu mauzo. Hesabu watu waliokupigia kwa sababu ya kikadi. Wiki moja kabla ya kamisheni kuanza, utazame ukurasa ule ukiwa peke yako, mdogo wako na mama mkubwa wote wakiwa wamelala.

Tukija kwa huyo wa Facebook. Nimeiona picha. Ni mtu wa bara aliyezoea biriani ya wali na nyama vilivyochanganywa, na hakuna aliyemwambia kwamba Mombasa wali ni wake na rojo ni yake, mlaji ndiye anayezikutanisha. Alidhani amepunjwa. Na wale watu 60 waliomtukana chini ya picha, wakimwambia arudi kwao akale mukimo, ni wateja wako watarajiwa wanaokuharibia jina kwa kukutetea. Usiingie kwenye vita hivyo, na usimwombe msimamizi afute picha. Ikifutwa ndiyo itasambazwa.

Mjibu mara moja, kwa adabu, hapohapo hadharani, na usirudi tena kusoma. Piga picha sahani iliyopakuliwa kisawasawa, wali chini, rojo juu, kachumbari ubavuni, na uandike: "Pole ndugu yangu, kosa ni langu kutokukueleza. Biriani yetu huja hivi ili wali usilowe njiani. Ijumaa hii sahani yako ni juu yangu. Rojo mwagia mwenyewe, kachumbari weka mwisho." Halafu maneno hayo ya mwisho yabandike kwenye mfuniko wa kila mkebe.